Sheria ni Msumeno? Somo Kuhusu Viongozi na Nyaraka za Siri

Safari hii tumechagua jambo ambalo limewagombanisha watu hata kwenye mikusanyiko yetu ya pilau: viongozi wa Marekani na nyaraka za siri za serikali. Mmoja anasema, "Trump ameonewa tu, mbona Hillary na Biden nao walikutwa na siri za serikali wakaachwa?" Mwingine anajibu, "Aa wapi! Kesi zile hazifanani hata kidogo." Sauti zinapanda, chai inapoa, na mwishowe kila mtu anaondoka na msimamo ule ule aliokuja nao.

Ubishi huo hauishi kwa sababu kila upande unaanza na jina la mtu. Ukishaamua unampenda nani, ushahidi wote utauona unaelekea huko huko unakotaka. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi somo hili halimtetei mtu wala chama. Tutaangalia sheria inasemaje, kesi zenyewe zilikwendaje, halafu tuweke vipimo ambavyo mtu anaweza kumpimia rafiki na hasimu kwa pamoja. Na tukivitumia vipimo hivyo kwa uaminifu, tutaona kwamba dhuluma kubwa ipo mahali ambapo wabishi wengi hawapatazami.

Nyaraka za siri ni nini, na ni mali ya nani?

Nchini Marekani utaratibu wa kuweka siri unatokana na amri za rais. Amri namba 13526 ilitiwa saini na Barack Obama Desemba 2009, na inagawa siri katika madaraja matatu. Daraja la chini ni la taarifa ambazo zikivuja zitaleta madhara kwa usalama wa taifa. Daraja la kati ni la madhara makubwa. Daraja la juu, yaani siri kuu, ni la madhara makubwa ya kupindukia, kwa mfano kufichua majina ya majasusi au mipango ya vita.

Hiyo ni habari ya muhuri. Sasa, karatasi yenyewe ni ya nani? Zamani ilikuwa desturi kwamba rais akimaliza muda wake anaondoka na makaratasi yake kama mtu anayehama nyumba. Desturi hiyo ilivunjwa na Richard Nixon. Alipojiuzulu mwaka 1974 kwa kashfa ya Watergate, watu waliogopa kwamba kanda na karatasi zake zingepotea. Bunge la Marekani likaingilia kati, na mwaka 1978 likapitisha sheria inayosema kwamba kumbukumbu za rais ni mali ya umma. Kuanzia marais walioingia madarakani mwaka 1981 na kuendelea, siku muda wa rais unapokwisha, kumbukumbu zote za kazi zinakwenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

Sheria nzito zaidi ni ile ya ujasusi ya mwaka 1917, iliyotungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jina lake linatisha, lakini haiwahusu majasusi peke yao. Kifungu kimoja kinamgusa mtu yeyote aliye na taarifa za ulinzi wa taifa bila idhini, akazishikilia kwa makusudi, na asizikabidhi kwa ofisa anayestahili kuzipokea. Shikeni neno hilo "kwa makusudi", maana kesi nyingi zinasimama au kuanguka hapo. Tena kifungu hicho hakitaji muhuri wa siri hata kidogo. Kinazungumzia taarifa za ulinzi wa taifa. Kwa hiyo hata mtu akidai kwamba alikuwa ameshauondoa muhuri, hoja hiyo peke yake haimalizi kesi.

Tuchukue mfano wa maisha yetu. Mwanafunzi wa kwanza anahama bweni, na kitabu cha maktaba kinaingia kwenye boksi pamoja na sufuria zake. Miezi sita baadaye anakiona, anapiga simu maktaba, anakirudisha. Mwanafunzi wa pili anaandikiwa barua tatu, anajibu kwamba amesharudisha vyote, kumbe vingine viko chini ya godoro na anamwomba mwenzake amsaidie kuvihamisha. Wote wawili walikutwa na kitabu cha maktaba, lakini hakuna mkutubi atakayewaona sawa. Hata hivyo mkutubi huyo atakuwa hana haki akimwandikia barua mmoja tu kwa sababu ni wa kabila jingine. Mambo haya mawili, yaani tendo lenyewe na uadilifu wa anayelichunguza, tuyatenganishe vizuri katika vichwa vyetu.

Kesi nne za wakubwa

Hillary Clinton alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2009 hadi 2013, na barua pepe zake za kazi zilipitia seva ya binafsi. Shirika la upelelezi la FBI lilianza uchunguzi Julai 2015. Katika barua pepe zipatazo 30,000 alizokabidhi serikalini, 110 zilionekana kuwa na taarifa zilizokuwa siri wakati zinatumwa. Nyingine zaidi ya 30,000 zilihesabiwa na watu wake kuwa za binafsi na hazikukabidhiwa. Tarehe 5 Julai 2016 mkurugenzi wa FBI, James Comey, alitangaza mbele ya waandishi kwamba Clinton na wasaidizi wake walikuwa wazembe kupita kiasi, ila hakuna mwendesha mashtaka mwenye busara atakayefungua kesi hiyo. Hakushtakiwa.

Donald Trump aliondoka Ikulu Januari 2021. Hifadhi ya Nyaraka ilimwandama karibu mwaka mzima, na Januari 2022 ikapokea maboksi 15 kutoka makazi yake ya Mar-a-Lago, Florida. Ndani yake mlikuwa na nyaraka 197 zenye alama za siri. Mei 2022 ikatolewa hati ya kumtaka akabidhi zilizobaki. Mwezi Juni mawakili wake wakakabidhi 38, pamoja na maandishi ya kuthibitisha kwamba msako wa kina umefanyika na zote zilizopatikana zimetolewa. Tarehe 8 Agosti 2022 FBI walikwenda na hati ya upekuzi wakakuta nyingine 102. Juni 2023 alishtakiwa kwa makosa 37, na 31 kati ya hayo yalikuwa ya kushikilia taarifa za ulinzi wa taifa. Mengine yalihusu kuficha na kuvuruga uchunguzi. Hati ya mashtaka ilidai kuwa maboksi yaliwekwa mpaka kwenye ukumbi wa dansi na bafuni, na kwamba yalihamishwa kabla wakili wake hajayapekua. Trump alikana yote.

Joe Biden alikutwa na nyaraka za tangu enzi zake za umakamu wa rais, uliokwisha Januari 2017. Za kwanza zilionekana na mawakili wake mwenyewe tarehe 2 Novemba 2022 kwenye ofisi aliyokuwa akiitumia Washington, na nyingine zikakutwa nyumbani kwake Wilmington, Delaware, zikiwemo zilizokuwa kwenye banda la gari. Mawakili walitoa taarifa wenyewe, na FBI waliruhusiwa kupekua nyumba bila hati. Februari 2024 mwendesha mashtaka maalumu, Robert Hur, alitoa ripoti. Alisema kuna ushahidi kwamba Biden alishikilia siri kwa makusudi na kumfunulia mwandishi aliyemsaidia kitabu chake, lakini ushahidi huo haufikii kiwango cha kuthibitisha hatia pasipo shaka. Hakushtakiwa.

Mike Pence, aliyekuwa makamu wa Trump, alikutwa na nyaraka kama kumi na mbili hivi nyumbani kwake Indiana Januari 2023. Wakili wake alizitafuta baada ya kusikia habari za Biden, akatoa taarifa, akazirudisha. FBI walikwenda Februari, kwa ridhaa ya Pence, wakakuta moja zaidi. Juni 2023 aliambiwa hakuna mashtaka.

Vipimo vitano

Sasa tuache majina kidogo tuulize maswali. Anayetaka kusema "kuna uonevu" au "hakuna uonevu" ajibu haya matano kwanza.

1. Je, alijua? Nyaraka kuingia kwenye boksi wakati wa kuhama si sawa na mtu kuziweka akijua. Kwa Pence hakukuonekana dalili ya kukusudia. Kwa Clinton wachunguzi hawakuona kusudio la kuvunja sheria. Kwa Biden jambo ni gumu zaidi, na wanaompenda wasilipite haraka haraka. Ripoti ya Hur inaeleza kwamba mwaka 2017 alimwambia mwandishi wake kwamba amekuta vitu vya siri chini ya nyumba, na kwamba alikuwa na madaftari yake mwenyewe yenye mambo ya siri. Alijitetea kuwa madaftari yalikuwa mali yake, na Hur alikiri kwamba hata Ronald Reagan aliondoka na shajara zenye siri, serikali ikajua na ikanyamaza. Kwa hiyo katika kipimo hiki cha kwanza pengo kati ya Biden na Trump si kubwa kama wafuasi wa Biden wanavyopenda kusema.

2. Alifanya nini alipoombwa? Hapa ndipo kesi zinapoachana njia. Pence na Biden walirudisha, wakafungua milango. Trump, kwa mujibu wa hati ya mashtaka, alipata nafasi nyingi za kurudisha na akazikataa, kisha akawashirikisha wengine kuficha. Hur mwenyewe, ambaye aliwahi kuteuliwa na Trump kuwa mwendesha mashtaka wa serikali Maryland, aliitaja tofauti hii katika ripoti yake. Anayesema "wote sawa" anakiruka kipimo hiki. Lakini tukumbuke pia kwamba madai ya hati ya mashtaka hayakuwahi kupimwa mahakamani, kama tutakavyoona hivi punde.

3. Nani anachunguza, na nani anaweza kumzuia? Waswahili wana msemo wa kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mwanasheria Mkuu wa Marekani anateuliwa na rais na anaweza kufukuzwa na rais. Atamchunguzaje bosi wake, au mpinzani wa bosi wake, watu wakamwamini? Jibu lao ni mwendesha mashtaka maalumu, anayetoka nje ya serikali na kufanya kazi chini ya kanuni za mwaka 1999. Anaamua mambo ya kila siku mwenyewe, na Mwanasheria Mkuu akimkatalia hatua fulani inabidi alieleze Bunge baadaye. Jack Smith aliteuliwa kwa kesi ya Trump tarehe 18 Novemba 2022, siku tatu baada ya Trump kutangaza kugombea tena. Hur aliteuliwa kwa Biden tarehe 12 Januari 2023. Utaratibu huu una udhaifu, maana mtu huyo bado yuko chini ya Mwanasheria Mkuu. Tena Julai 2024 Jaji Aileen Cannon wa Florida, aliyeteuliwa na Trump mwaka 2020, aliifuta kesi nzima kwa hoja kwamba uteuzi wa Smith ulikwenda kinyume cha Katiba. Wizara ya Sheria ilikata rufaa. Kabla rufaa haijaamuliwa Trump akashinda uchaguzi wa Novemba 2024, na kwa kuwa sera ya Wizara hairuhusu kumshtaki rais aliye madarakani, mwezi huo huo Smith akamwondoa kwenye rufaa. Januari 2025 ikaondolewa na ile iliyowahusu wafanyakazi wake wawili. Matokeo yake wananchi hawakuusikia ushahidi ukihojiwa, na Trump mwenyewe hakupata hukumu ya kumsafisha wala ya kumtia hatiani.

4. Wananchi waliambiwa nini, na lini? Uchunguzi unaweza kuwa safi na tangazo lake likawa chafu. Comey alimsema Clinton hadharani ingawa hakuna mashtaka, jambo ambalo si desturi. Halafu tarehe 28 Oktoba 2016, siku 11 kabla ya uchaguzi, akaliandikia Bunge kwamba barua pepe nyingine zimepatikana. Tarehe 6 Novemba akasema hakuna kilichobadilika. Wakati huo huo FBI walikuwa na uchunguzi kuhusu kampeni ya Trump tangu mwisho wa Julai, na huo haukutangazwa. Mkaguzi wa ndani wa Wizara ya Sheria alimlaumu Comey katika ripoti ya Juni 2018. Alizilaumu pia jumbe za baadhi ya wapelelezi waliokuwa wakimchukia Trump, ila hakuona ushahidi kwamba upendeleo wa kisiasa ndio ulioamua Clinton asishtakiwe. Upande wa pili nao una la kulalamikia: nyaraka za Biden zilionekana tarehe 2 Novemba 2022, uchaguzi wa Bunge ulikuwa tarehe 8, na wananchi walikuja kuambiwa tarehe 9 Januari 2023. Na Biden naye alilalamika kwamba ripoti ya Hur ilimwita mzee mwenye nia njema lakini kumbukumbu mbovu, katika mwaka wa uchaguzi. Kwa kipimo hiki, kila upande ulipakwa tope kwa zamu yake.

5. Mtu mdogo angefanyiwaje? Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika, na ndicho cha maana kuliko vyote. Kinastahili sehemu yake.

Msumeno unapofika kwenye cheo

Tunasema sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Hebu tuone.

John Deutch, aliyekuwa mkurugenzi wa CIA, alikutwa na siri kwenye kompyuta za nyumbani zisizo salama mwaka 1996. Januari 2001 alikuwa tayari amekubali kukiri kosa dogo, na siku iliyofuata Rais Bill Clinton akamsamehe. Sandy Berger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Clinton, alichukua nyaraka kutoka Hifadhi ya Taifa mwaka 2003. Mwaka 2005 alikiri kosa dogo, akapigwa faini ya dola 50,000 na kuwekwa chini ya uangalizi bila kwenda jela. Jenerali David Petraeus, mkurugenzi mwingine wa CIA, alimpa mwandishi wa kitabu cha maisha yake madaftari yenye siri nzito, na alipohojiwa na FBI hakusema kweli. Mwaka 2015 alikiri kosa dogo. Alipata faini ya dola 100,000 na uangalizi wa miaka miwili, na hakulala jela hata usiku mmoja.

Sasa wadogo. Agosti 2016 baharia mmoja kijana wa jeshi la majini alihukumiwa mwaka mmoja jela kwa kupiga picha sita ndani ya nyambizi. Mawakili wake waliitaja mahakamani kesi ya Clinton iliyokuwa imefungwa mwezi uliotangulia, haikumwokoa, ingawa mwaka 2018 Trump alimsamehe akiwa ameshatumikia kifungo. Mwaka 2018 mfanyakazi mmoja wa mkandarasi wa serikali alipata miezi 63 kwa kupeleka ripoti moja ya siri kwa waandishi wa habari. Juni 2023, mwezi ule ule Trump aliposhtakiwa na Pence alipoachwa, mchambuzi wa zamani wa FBI katika ofisi ya Kansas City alihukumiwa miezi 46 jela kwa kuweka nyumbani nyaraka za siri zaidi ya 300. Hakushtakiwa kwa kumpa mtu yeyote. Alishtakiwa kwa kuziweka tu, na alikuwa amekiri.

Mtu atasema kesi hazifanani moja kwa moja, na ni kweli. Kuvujisha kwa waandishi si sawa na kusahau kwenye boksi. Lakini mlinganishe huyo mchambuzi na Petraeus. Mmoja aliweka siri nyumbani. Mwingine aliweka, akampa mtu asiyestahili, na hakuwaambia wapelelezi ukweli. Aliyekwenda jela ni yule asiye na nyota begani.

Basi tukiangalia kwa vyama, msumeno umekata huku na huku, ingawa kwa kukwaruza. Deutch na Berger walikuwa watu wa serikali ya Democratic, Pence aliyeachwa ni wa Republican, Biden aliyeachwa ni wa Democratic. Tukiangalia kwa vyeo, msumeno unakuwa butu kadiri unavyopanda juu. Uonevu ambao watu wanaupigia kelele ni wa chama dhidi ya chama, kwa sababu vyama vina vipaza sauti. Karani, baharia na mchambuzi hawana chama cha kuwasemea.

Ushahidi mzuri unaweza kutumika vibaya

Kuna jambo moja zaidi linalowachanganya wengi. Oktoba 2025 John Bolton, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Trump na baadaye mkosoaji wake mkali, alishtakiwa Maryland kwa makosa 18 ya kutuma na kushikilia taarifa za ulinzi wa taifa. Ilidaiwa kwamba aliwatumia jamaa zake wawili maandishi ya kila siku kwa barua pepe ya binafsi. Alikana. Mwezi uliotangulia Trump alikuwa amemhimiza hadharani Mwanasheria Mkuu wake awachukulie hatua mahasimu wake, ingawa Bolton hakuwa miongoni mwa aliowataja kwa jina siku hiyo.

Hapa kuna maswali mawili, na kila moja lina jibu lake. Je, ushahidi dhidi yake una nguvu? Na je, amechaguliwa kwa sababu ya alichofanya au kwa sababu ya alichosema? Ushahidi unaweza kuwa na nguvu na uchaguzi wa mshtakiwa ukawa wa kisasi. Vile vile rais anaweza kuwa na chuki na mshtakiwa akawa na kosa kweli. Mahakama Kuu ya Marekani iliweka mwaka 1996 kipimo kigumu kwa anayelalamika kwamba amebaguliwa: aonyeshe kuwa wengine wenye hali kama yake hawakushtakiwa, na kuwa alichaguliwa kwa nia isiyo halali. Ni wachache sana wanaofaulu. Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa haki haumo mahakamani peke yake. Umo katika mazoea ya viongozi kutotaja majina ya watu wanaotaka washtakiwe, na ya waendesha mashtaka kukataa wakitajiwa. Mazoea yakivunjwa na huyu leo, yule wa kesho atasema ameyakuta yamevunjika.

Na sisi yanatuhusu nini?

Kwa nini mwanafunzi kutoka Moshi, Kisumu au Mbarara ajali maboksi ya Florida? Kwanza, kwa sababu sheria zetu za siri ni ndugu wa zao. Waingereza walitunga sheria yao ya siri za serikali mwaka 1911, na koo lake likaenea katika makoloni. Uganda ina sheria yake ya 1964, Kenya ya 1968, na Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Zinatumia maneno mapana, na maneno mapana ni rahisi kumnasa mwandishi wa habari na karani kuliko kumnasa waziri.

Pili, tunajua kwa uchungu maana ya nyaraka kuondoka na mkubwa. Waingereza walipokuwa wakitoka, mafaili ya kuwaumbua yalichomwa moto au yalisafirishwa kwao. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wanadai haki mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ina mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwemo ya Kenya. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Nusu karne nzima wazee wale waliambiwa hawana ushahidi, kumbe ushahidi ulikuwa kabatini. Anayesema "ni makaratasi tu" awafikirie wao.

Tatu, wengi wetu tutarudi nyumbani, na baadhi yetu tutakaa kwenye viti vyenye mafaili yaliyogongwa muhuri wa SIRI. Wengine watakuwa mawakili wa serikali. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 157, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hahitaji idhini ya mtu yeyote kuanzisha mashtaka. Maneno mazuri hayo, lakini yanahitaji mtu wa kuyasimamia siku simu itakapopigwa kutoka juu. Mtu huyo anaweza kuwa anasoma gazeti hili sasa hivi, akisubiri basi la kwenda maktaba.

Kwa muhtasari: haki haipimwi kwa kuhesabu ni wangapi wa chama hiki na wangapi wa chama kile wameshtakiwa. Inapimwa kwa kuwauliza wote maswali yale yale, na kwa kumtazama mdogo kabisa katika foleni aone kama angetendewa kama mkubwa.

Maswali ya kujadili kwenye kikao cha jumuiya

1. Kama ungekuwa Hur, ungemshtaki Biden? Toa sababu bila kutaja chama chake. Halafu jibu hivyo hivyo kuhusu Smith na Trump.

2. Uchunguzi wa mgombea utangazwe kabla ya uchaguzi, au usubiri? Nani anaumia katika kila hali?

3. Tafuta sheria ya siri za serikali ya nchi yako. Je, inamtaka mshtakiwa awe amekusudia, au inatosha kukutwa na karatasi?

4. Taja kiongozi wa nyumbani unayempenda sana. Mpitishe kwenye vipimo vitano. Ukiona unaanza kumtafutia visingizio, hapo ndipo somo limeanza.

Atakayekuwa na hoja tofauti atuandikie, tutaichapisha. Kila la heri katika mitihani, na tukutane toleo lijalo.